Tangi Linavuta Pumzi

Jumatatu, 11 Machi 1957

Gari la Kasmiri limerudi tena uani kwangu. Kwaresima haijatimiza hata juma na hii ni mara ya tatu. Limesukumwa na wavuvi, tope mpaka kwenye vioo, na Kasmiri nyuma yake kwa miguu, viatu mkononi, anagomba peke yake.

Pikapu kuukuu. Kasmiri anafanya biashara ya samaki wakavu wa kutoka Mofu, akainunua kwa yule mzungu wa idara ya mbung'o alipokuwa anafunga mizigo kurudi Ulaya. Nilimwambia asinunue. Alinunua. Sasa anayelala chini yake ni mimi.

Ugonjwa wake sijapata kuuona. Hapa uani linanguruma vizuri, unaweza kuweka kikombe cha chai juu ya boneti. Likitoka likashika mwendo — mwungurumo unapanda, unashuka, unapanda, unashuka, na dereva ametuliza mguu palepale. Kama wanawake wawili wanaopokezana michi kwenye kinu kimoja. Halafu linakufa. Likipumzika, linaamka. Upuuzi mtupu.

Dereva ni Fridolin, shemeji yangu, mume wa mdogo wangu Natalia. Leo kanichekesha. Eti likizima, yeye hufungua kifuniko cha tangi la petroli, na tangi "linavuta pumzi". Kisha gari linawaka. Nilicheka mpaka spana ikaniponyoka. Nikamwuliza, shemeji, linapiga chafya pia? Fridolin si mtu wa maneno. Ukimcheka anatazama viatu vyake, basi.

Nimeshusha kabureta. Kesho namaliza. Mimi niliyefufua malori ya jeshi la Keya kule Burma, nishindwe na kigari cha samaki!

Jumanne, 12 Machi

Kabureta haina kosa. Vijitundu vyake vyote nimevipuliza kwa pampu ya baiskeli. Nikageukia pampu ya petroli, nikafungua kile kikombe chake cha kioo — nikashtuka. Harufu. Mafuta ya taa!

Nilinusa tena. Nikachovya kidole, nikapaka kwenye kiganja. Petroli hukauka mara moja. Hii ilibaki inateleza. Nikamwita Kasmiri, naye akanusa, na uso ukambadilika.

Nilisema petroli hii imechanganywa. Sikusema na nani. Lakini nilisema kwa sauti, maana nilikuwa nimefurahi kupata jibu, na watu walikuwepo. Ifakara hii ukifungua boneti huwezi kukosa watazamaji.

Kasmiri akavaa viatu vyake, akaondoka.

Nimeosha kikombe, nimerudisha kila kitu mahali pake. Gari limekwenda zake. Kazi safi.

Alhamisi, 14 Machi

Sijui nianzie wapi. Fridolin amekamatwa.

Sokoni, mchana kweupe, mbele ya wauza vitumbua. Askari wawili wa baraza. Nimesimuliwa na watu sita na wote wanasimulia tofauti, ila wote wanakubaliana hapa: hakubisha. Aliweka kapu chini akawafuata.

Kumbe Polikarpo, mvuvi wa Mofu, alikuwa amekwisha mwambia Kasmiri kwamba amemwona Fridolin njiani kwenda Mofu, karibu na Namawala, si mara moja, gari limesimama, tangi wazi, debe liko chini. Kasmiri akachukua debe aliloliona Polikarpo na pua yangu akaviweka pamoja. Fridolin anachota petroli anauza, anajazia mafuta ya taa. Ndiyo maana gari linalewa njiani. Na kwa kweli, ningekuwa mimi ningewaza vilevile. Hilo ndilo linalonitisha.

Natalia amekuja kwetu jioni, watoto wawili mbele, mkeka kichwani. Sijawahi kuona macho ya namna ile kwa mdogo wangu. Kaniambia, "Kaka, pua yako imemfunga mume wangu." Kisha kapita kaingia ndani kwa Mama. Shikamoo hakunipa.

Mama hakutaja jina la Fridolin, maana halitaji. Kwetu mama mkwe na mkwe wanaoneana haya. Tangu Natalia aolewe sijawaona wakitazamana hata siku moja. Fridolin akija kwetu hukaa upande wa nyuma karibu na kisima, chakula hupelekewa huko, na Mama hatoki jikoni mpaka asikie gari limewashwa. Lakini samaki mkubwa siku zote huenda nje. Mimi mwana wa kumzaa napewa mkia.

Leo kapika, kapakua sahani moja kubwa, kaifunika. Natalia kaibeba kaipeleka mahabusu. Mimi nimekula ugali na chumvi, na sikudai.

Ijumaa, 15 Machi

Karani wa baraza ameniita nitoe maelezo. Nimesema nilichonusa, basi. Anaandika polepole kama anachonga mtumbwi. Kesi ni Jumatatu ya tarehe 25.

Nilipitia dirisha la mahabusu. Nilidhani Fridolin atanitukana. Hakunitukana. Kasema, "Shemeji, lile debe ni la mafuta ya taa la dukani kwa Kasmiri mwenyewe. Yeye ndiye aliyenipa nibebee petroli ya akiba."

Kweli kabisa! Debe la mji huu halichagui: leo mafuta ya taa, kesho mchele, keshokutwa togwa ya harusi. Nani anasuuza?

Nikamwuliza, sasa tangi ulikuwa unafungua kwa nini kila mara? Akanitazama kupitia nondo.

"Nilikwambia. Ukanicheka."

Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Sitaki kuonana na watu.

Jumatatu, 18 Machi

Kasmiri hana dereva. Samaki wake wanaoza Mofu. Kaja kuniomba mimi niendeshe, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kaniita rafiki.

Nimekubali, lakini si kwa urafiki. Nataka kujua. Kama ugonjwa ulikuwa mafuta ya taa, basi umeondoka na mafuta ya taa.

Leo nzima nimelitibu gari. Nimeshusha tangi, nimelisuuza, nimelianika. Bomba nimelipuliza mpaka mashavu yakauma. Ngozi ya pampu nimebadilisha, plagi nimesugua. Nimenunua petroli kwenye debe lililofungwa bado, nimelifungua kwa mkono wangu, nimechuja kwa kitambaa kipya, nimejaza tangi mpaka mdomoni. Ukitaka kupata mafuta ya taa humo labda uyaombe.

Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni ananitazama muda mrefu. Nikamwuliza anataka nini. Akasema, "Usilioshe sana kwa juu." Sikumwelewa. Wazee.

Jumanne, 19 Machi. Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu

Mungu wangu. Mungu wangu.

Ngoja nitulie. Nipange.

Nimeondoka asubuhi, peke yangu. Gari tamu, naliimbia. Namawala sijaifikia bado — mwungurumo ukapanda. Mguu wangu haujasogea! Ukashuka. Ukapanda. Michi ileile, kinu kilekile. Gari linanirusha mbele, linanirudisha nyuma. Halafu kimya. Limezima katikati ya madimbwi, na vyura wanaliitikia.

Nilikaa nimeshika usukani. Petroli safi. Bomba safi. Na tangi likiwa limejaa limezima mapema kuliko lilivyokuwa likizima kwa Fridolin! Mwizi gani huyo anayeiba petroli kwenye tangi lililojaa, mimi nikiwa ndani?

Nikashuka. Nikazunguka nyuma. Nikashika kifuniko cha tangi, nikakizungusha.

Ffyuuuu.

Lilivuta pumzi. Sina neno jingine na Fridolin hakuwa na neno jingine. Lilivuta hewa ndani kama mtu aliyetolewa majini. Nikarudi kwenye usukani, nikapiga stata — likawaka palepale.

Nilicheka au nililia, sikumbuki.

Sasa fikiri, Teofili, fikiri. Pampu inanyonya petroli. Petroli ikitoka tangini, lazima hewa iingie ishike nafasi yake. Hewa isipoingia, pampu inanyonya, inanyonya, mwisho inashindwa. Ukitaka kujua, bana kibuyu cha togwa midomoni usiache hata upenyo, kisha unyonye. Utakunywa mafunda mawili, la tatu halitoki. Ndiyo maana linapanda na kushuka: linapata, linakosa, linapata, linakosa. Likikaa, hewa inapenya kidogokidogo kandokando ya kifuniko, linaamka. Ndiyo maana hapa uani halionyeshi kitu. Ndiyo maana Fridolin alikuwa anafungua. Alikuwa analipa pumzi, na Polikarpo akamwona mwizi.

Lakini kila kifuniko kina kitundu chake katikati, cha kupitisha sindano, kwa kazi hiyo hiyo. Nikakigeuza hiki. Kitundu hakuna. Nikapangusa vumbi kwa shati. Hakuna. Jana niliosha tangi lote, na kifuniko nilikifuta tu nikakiweka kando kama mfuniko wa sufuria! Nikakwaruza kwa ukucha, ukucha ukazama kwenye kitu laini, cha manjano-manjano. Nikanusa. Pua hii hii.

Nta. Nta ya mshumaa.

Nimekwangua mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Kutoka hapo mpaka Mofu, na kurudi na mzigo wa kambale, halikukohoa hata mara moja.

Njiani narudi nilikuwa nasaga meno. Nani huyu? Nani anamchukia Fridolin kiasi hiki, anajua magari kiasi hiki? Nikafika, nikasimamisha gari uani, jua lilikuwa linalipiga kwa ubavu. Nikaona kwenye boneti alama kama ya mavi ya ndege. Nimeiona majuma mazima. Nikainama. Ni nta. Msalaba mdogo wa nta. Mlango wa dereva, msalaba. Mlango wa pili, msalaba.

Nikainua macho kwenye mlango wa nyumba yangu mwenyewe. Msalaba uleule, mkono uleule.

Nilishindwa kuingia.

Jumatano, 20 Machi

Nimezungumza na Mama. Nilimngoja amalize sala za asubuhi.

Kasema bila kuficha, kama mtu anayesimulia alivyopanda mboga. Mwezi wa pili, baada ya misa ya mishumaa, alifanya anavyofanya kila mwaka. Anawasha mshumaa uliobarikiwa, anadondosha nta msalaba, kila mlango: nyumba, jiko, ghala, banda la kuku. Mwaka huu ana mkwe anayevuka maji kila siku kwenye gari bovu. Fridolin alikuwa nyuma kisimani, anakula. Mama akapita kwa mbele.

"Kila mlango wa gari," kasema. "Na ule wa nyuma anakomiminia chakula chake. Niliwahi kumwona akimimina. Nikasema, na ule nao ni mlango. Kitu kibaya hupitia mlango mdogo. Nikadondosha, nikaona kuna kitobo, nikakijaza vizuri."

Vizuri! Kakijaza vizuri!

Halafu kikanijia kitu kingine. Nikamwuliza, Mama, mshumaa ulikuwa unawaka? Kando ya tangi la petroli? Kasema ulikuwa unawaka, nta itadondokaje bila moto. Nikamwambia ungelipuka, Mama, wewe na gari na nyumba. Kanitazama kama mimi ndiye nisiyejua kitu. "Mshumaa ule umebarikiwa."

Nikamwuliza kwa nini hukumwambia Fridolin. "Nimwambieje? Mimi ni mama mkwe wake." Basi kwa nini hukuniambia mimi?

"Wewe ungecheka."

Ni kweli, ningecheka.

Ndipo nikamweleza. Taratibu, kwa mfano wa kibuyu. Kwamba gari lilikuwa linakosa pumzi. Kwamba mkwe wake alikuwa analifungua ili liishi. Kwamba kwa kufungua huko ndiyo maana yuko mahabusu. Mama alikuwa amesimama. Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, bila kutafuta kigoda. Akashika kichwa.

"Nta ya Bwana ndiyo iliyomfunga mtoto wangu?"

Kasema mtoto wangu. Hakusema mkwe. Toka hapo hajala wala hajazungumza, na Natalia ananiuliza nimemfanya nini mama yetu.

Ijumaa, 22 Machi

Nimekwenda kwa Kasmiri na kifuniko mkononi. Nilidhani atafurahi! Gari lake limepona, dereva wake si mwizi, kila mtu arudi kazini.

Kanisikiliza huku anafunga mafungu ya kambale. Kasema, "Juma lililopita pua. Juma hili mshumaa. Juma lijalo utaniletea mganga." Kisha: "Teofili, wewe ni fundi wangu au ni wakili wa shemeji yako?"

Nikamwambia tazama, kitundu hiki hapa. Akatazama. "Naona kitundu. Nta iko wapi?"

Nta niliikwaruza njiani! Ushahidi wote wa kumtoa Fridolin ulikuwa chini ya ukucha wangu, na nimekwisha kunawa mikono.

Nilimwonyesha misalaba kwenye milango. Kasema mtu yeyote anaweza kudondosha mshumaa. Nani kadondosha? Hapo nikafunga mdomo. Mama ni kiongozi wa kinamama kanisani. Nimseme sokoni, mbele ya mizani ya samaki?

Nimemfahamu Kasmiri. Amekwisha kuutangazia mji mzima kwamba dereva wake mwizi. Kurudisha maneno ni kazi nzito. Mimi ninajua, maana ninayo yangu.

Jumapili, 24 Machi

Mama kanitangulia kurudi kutoka kanisani, kafungua kasha lake, katoa kipande cha mshumaa kilichobaki. Kakifunga kwenye ncha ya kanga.

"Kesho nakwenda barazani."

Natalia akashtuka mpaka akaangusha ungo. "Mama, atakuwepo."

"Najua atakuwepo."

"Utasema mbele yake?"

"Nitatazama ukuta."

Nilimwambia nitasema mimi, yeye abaki. Kaniambia, kwa upole kabisa, kwamba mimi nimekwisha sema vya kutosha.

Jumatatu, 25 Machi

Naandika kwa penseli, kwenye benchi la baraza. Nikiacha kuandika nitasimama, na nikisimama askari atanikalisha tena.

Asubuhi nimesema yote. Hakimu ni mzee mtaratibu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza nta iko wapi. Nikasema nimeikwaruza. Baraza zima likacheka. Polikarpo mvuvi, aliyekuja kushuhudia debe, alicheka mpaka akafuta machozi. Kasmiri hakucheka, alikuwa ananionea aibu.

Hakimu akauliza, na aliyeipaka ni nani? Nikainamisha kichwa. Nyuma yangu benchi likalia. Mama alikuwa amesimama.

Kanga mpaka kwenye nyusi, uso ameugeuzia ukutani, maana Fridolin alikuwa mbele yake pale, karibu kiasi cha kushikana mikono. Fridolin akakunja shingo mpaka kidevu kikagusa kifua. Kicheko kikakatika. Kila mtu mle ndani ana mkwe, au ni mkwe.

Mama akauambia ukuta: "Ni mimi, Aurelia. Nilipaka kila mlango. Nilitaka asizame."

Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema neno ambalo sikulitegemea hata kidogo. Kasema, basi paka tena, mama, tuone.

Ameamua hivi. Tangi lijazwe. Nta ipakwe mbele ya watu wote. Kasmiri mwenyewe aendeshe mpaka Namawala na kurudi, karani akae kando yake, na kifuniko kisiguswe na mtu. Likienda na kurudi salama, Fridolin ana kesi, na mimi nina kesi ya uongo. Likizima kama ninavyosema, basi ni jambo jingine.

Tukatoka nje. Nikajaza tangi, mikono ikalowa petroli mpaka viwikoni. Kifuniko nikakipeleka mbali kabisa na gari, sitaki kuchoma baraza na hakimu wake. Nikakiweka juu ya jiwe, nikarudi nyuma. Mama akapiga magoti, akawasha mshumaa. Upepo ukauzima. Akawasha. Ukauzima. Mimi siwezi kusogea, nimelowa petroli, nitawaka. Natalia alikuwa amebeba mtoto.

Fridolin akatoka katikati ya askari. Askari akanyoosha mkono kumshika, akaurudisha. Fridolin akapiga goti upande wa pili wa jiwe, uso kautupa kando, akaukinga ule mwali kwa viganja viwili. Mama naye akatazama upande mwingine. Hivyo hivyo, mmoja anatazama mashariki na mwingine magharibi, na nta ikadondoka katikati yao. Watu waliguna.

Karani alikirudisha kifuniko kwa mkono wake, na Kasmiri ameondoka zamani. Tunangoja.

Benchi ni moja. Mama ncha ile, Fridolin na askari wake ncha hii, mimi katikati nimewekwa ukuta. Mama kaniambia, "Mwulize mkwe wangu kama amekula." Nikageuka, nikamwuliza. Akasema, "Mwambie mama nimekula, ahsante." Nikageuka, nikamwambia. Wote wawili walikuwa wamekwisha sikia.

Tangu nimeshika spana nimeomba magari yawake. Leo naomba lizime. Mtakatifu Yosefu, fundi mwenzangu, lizime. Lakini lisizime kwenye tope! Likikwama kwenye tope Kasmiri atasema ni tope.

Walipaswa kuwa wamekwisha kurudi. Nadhani. Sijui. Natalia amesimama barabarani.

Jua limetoka. Yesu na Maria, jua! Sikufikiria jua. Kifuniko ni cha chuma, kiko upande wa jua, na nta ni mbichi bado. Ikilainika ikadondoka, kitundu kitafunguka, gari litakuja hapa linaimba kama lilivyoniimbia mimi kutoka Mofu. Nimewaambia wote nta inaweza kusimamisha gari. Sikuwaambia kwamba jua linaweza kuiyeyusha. Kwa nini sikufikiria! Fundi gani mimi? Fridolin ananiangalia. Nadhani amejua ninachowaza.

Gari. Nimelisikia.

Natalia amegeuka, ameshika kichwa. Linatoka upande wa Namawala. Mbali bado, nyuma ya migomba. Mwungurumo uko sawa. Uko sawa kabisa. Polikarpo anasema, hilo linakuja salama. Hakimu ametoka, amesimama kizingitini, miwani mkononi, amegeuza sikio.

Mama ameacha rozari. Hakuniuliza mimi. Ameinama mbele, amenivuka, amemtazama Fridolin usoni.

"Ndivyo linavyolia?"

Fridolin amemtazama naye, macho kwa macho.

"Bado, mama. Sikiliza."

Linapanda. Mchi wa kwanza. Linashuka. Hakimu ameinua kidole, watu wanyamaze. Linapanda tena —